Pikapu Iliyokataa Kuzima kwa Wakwe

Kwetu, watu wa Fizi, siku ya kwenda kuomba mke kijana mwenyewe hafungui kinywa. Wanaosema ni wazee. Na wazee hawatakiwi kuonekana wana haraka: wanakaa, wanasalimia, wanakohoa, wanauliza habari za mvua. Ukionyesha haraka, wakwe watakuambia kama unataka vya haraka, nyanya ziko sokoni.

Sasa we fikiria. Tumetoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka hadi Kawale, mjini, na pikapu ya dizeli ya baba mdogo, kuukuu kunizidi mimi. Tunasimama mlangoni kwa wakwe, nazima kontakt, natoa ufunguo, na injini inaendelea kunguruma. Nikarudisha ufunguo, nikauzungusha, nikautoa tena. Gari halina habari na mimi.

"Ingieni tu," nikawaambia wazee. "Itazima yenyewe."

Baba mdogo akaanza salamu kwa kupiga kelele ili asikike. Papa wa binti, fundi cherehani, akatoka nje na futi yake shingoni.

"Bakwe, munaacha moteri inawaka, munaenda wapi? Kama muko na haraka, muende. Mutarudia siku ingine."

Nilimpenda yule binti, jamani, na nilikuwa naenda kumkosa sababu ya injini.

Nikafungua boneti nikiwa na suti yangu ya kuazima. Nikalegeza waya wa batri, injini hata haikushtuka; nikaukaza tena. Dizeli ikishawaka haiombi umeme mwingi, ila kidogo tu kwenye pompi, wa kufungulia mafuta. Ufunguo ukitoka, umeme huo unakatika na mafuta yanafungwa. Sasa nani alikuwa anamlisha huyu mnyama? Nikafuata nyaya kwa kidole, nikakuta mmoja mwekundu, mgeni, umefungwa kwa plasta ya kidonda.

Baba mdogo ni kiongozi wa kwaya. Alikuwa ameunga ampli, ile mashine ya vipaza sauti vya kwaya, humo ili tuimbe njiani, na umeme wa dinamo ulikuwa unapitia kwenye ampli na kurudi pompi kwa mlango wa nyuma. Nikauvuta ule waya mwekundu kwa hasira zangu zote. Injini ikanyamaza, ila waya wa pompi nao ukakatikia kwenye mzizi.

Papa akatukaribisha, na ndani maneno yakaenda vizuri, mpaka papa akasema, "Tumesikia. Tutabaita." Kila mtu anajua hiyo "tutabaita", ya kungoja kuitwa, inaweza kukuzeesha. Wazee wakaaga, wakapanda. Nikawasha: starta inalia, injini haishiki. Tukasukuma hadi kona, tukasukuma kurudi. Bure: bila waya wa pompi, mafuta hayafunguki. Jumapili jioni, fundi wa umeme hayuko, na giza linaingia.

Mama wa binti akatoka jikoni na mwiko wa nsima, ugali wa huku, mkononi. Akamwambia mume wake mbele yetu sote:

"Papa, bageni ba kuomba binti habalale kwa nyumba ya binti mbele ya kupewa jibu. Sasa uniambie. Hawa ni bageni, balale kwa barabara, ao ni bakwe, niongeze unga?"

Papa akaangalia gari. Akaangalia baba mdogo, aliyekuwa amekalia tairi la akiba akihema. Akaniangalia mimi, grisi hadi kwenye tai.

"Ongeza unga," akasema.