Nilivyojizoeza Kuuliza Swali Moja

Nilitaka kuuliza swali moja tu. Sikutaka hotuba wala kiti cha kamati. Swali moja, kwa maiki, mbele ya wakulima wote wa kiwanda chetu cha majani chai: lini mtatujengea kituo upande wetu wa mto? Basi. Mtoto wa darasa la tatu analisema bila kupumua. Mimi lilinichukua karibu mwaka mzima, na hadi leo nikikumbuka damu inanichemka.

Sisi tunaokaa upande wa chini, huku Konoin, tunachuna majani asubuhi na kuyapeleka kupimwa kwenye kituo kilicho ng'ambo ya mto. Kituo chenyewe ni kibanda cha mabati, mizani na karani, lakini gari la kiwanda linaishia hapo. Mto si mkubwa. Daraja ni magogo mawili yaliyolazwa pamoja, na kwa vile mvua yetu inanyesha karibu kila alasiri, hayo magogo yana utelezi mwaka mzima. Mama mkwe wangu, ambaye tunamwita kogo kama watoto wanavyomwita nyanya yao, aliteleza hapo akiwa na gunia mgongoni. Akavunjika nyonga. Alilala miezi mingi, akaamka na fimbo, na wiki hiyohiyo akachukua kikapu akarudi shambani, kwa sababu kogo hajui kukaa. Na akishachuna lazima ayapeleke mwenyewe. Haamini mtu na mizani, hata mwanawe wa kumzaa. Nikimwona anateremka kuelekea mtoni na ile fimbo, naacha kuchuna namtazama mpaka avuke. Nilijua akianguka mara ya pili tutamzika.

Wanaume wa huku walikuwa wameshamwambia mwenyekiti wa wakulima, tena zaidi ya mara moja, lakini kando kando, kwenye matanga na nje ya kanisa. Kila mara anawajibu vilevile: leteni kwa mkutano mkuu, lisemwe kwa maiki, liandikwe. Na wanaume wetu, wacha tu. Hotelini wanaongea mpaka chai inapoa, wakifika mkutanoni wanakunja mikono na kuangalia mbele. Nikasema basi nitauliza mimi.

Mume wangu alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Wewe? Wewe ukiambiwa usalimie kanisa unasalimia viatu vyako."

Na alikuwa anasema kweli, ndiyo maana iliniuma. Tangu nikiwa shuleni, nikisimama mbele za watu koo linajifunga. Maneno ninayo, yamepangwa, lakini hayatoki.

Wakati huo kanisa likatuletea mwalimu wa semina ya kina mama, dada mmoja kutoka Kericho mjini, viatu vyake virefu vikizama kwenye nyasi zetu. Akatufundisha kwamba ukiwa na lengo kubwa usilirukie. Jiwekee changamoto ndogo, ishinde, kisha jiwekee nyingine kubwa kidogo, na ujasiri utakuja wenyewe. Haba na haba hujaza kibaba, akasema. Alilisema kwa urahisi sana. Nikarudi nyumbani nikaanza.

Changamoto ya kwanza ilikuwa karani wa kituo. Huyo kijana ana tabia ya kumwaga majani yako chini, kuyapekua kwa kidole na kuyakataa nusu bila neno, na sisi tunainama tunaokota. Siku hiyo alipokataa yangu nilisimama. "Nionyeshe jani lenye makosa," nikamwambia, na sauti ilitoka. Akainama akanionyesha moja. Akanionyesha lingine. Akaendelea kunionyesha, majani makubwa magumu ambayo nilikuwa nimeyakamata kwa haraka, huku foleni nzima ikicheka. Nikaokota nikaenda zangu. Ushindi gani huo?

Nikajiambia, jaribu redio. Kuna kipindi cha asubuhi cha lugha yetu ambacho wasikilizaji wanapiga simu. Nikapiga siku nyingi, na hatimaye wakaipokea. Mtangazaji akaniuliza naitwa nani na nasema kutoka wapi, nikasikia sauti yangu mwenyewe ikitoka jikoni nyuma yangu, nikachanganyikiwa, nikawa nasema halo, halo, halo. "Mama, zima redio yako," akasema, kisha akamchukua mpigaji mwingine. Mume wangu alikuwa kwa jirani akisikiliza. Alirudi akinisalimia kwa halo, na akaendelea hivyo wiki nzima.

Ya tatu ndiyo nusura inimalize. Tulikuwa na ndama dume wa kuuza, nikaomba nimpeleke mimi, peke yangu, soko la Siongiroi. Pale wanunuzi wanamzunguka mnyama na fimbo zao, wanamgusa mgongo, wanamvuta mkia, wanaongea wao kwa wao kama vile umefungwa kamba pamoja naye. Mmoja akaniuliza, "Mwenyewe yuko wapi?"

"Mwenyewe ni mimi."

"Hapana mama. Mwenyewe-mwenyewe."

Nilisimama kwenye lile jua nikirudia hiyo "ni mimi" mpaka sauti ikakauka. Nilimuuza, kwa bei ambayo sitaisema hapa, na njiani nilitembea nikilia kwa hasira. Nilikasirika kwamba ilibidi nijizoeze. Mwenyekiti wetu hakujizoeza kitu chochote. Yule alizaliwa na maiki mkononi. Mwanamume yeyote pale sokoni alifungua mdomo akasikika, na mimi niko hapa najaza kibaba changu haba na haba, na kibaba kina tundu.

Lakini koo, nikubali ukweli, lilikuwa limeanza kufunguka.

Siku ya mkutano mkuu nilifika mapema nikakaa mstari wa pili chini ya turubai, kogo kando yangu na fimbo yake. Alikataa kuachwa nyumbani. Kukawa na maombi, kwaya, salamu za chifu, salamu za mwakilishi wa mheshimiwa, salamu za muuza mbolea. Salamu tu, asubuhi nzima. Mwenyekiti akasoma ripoti, na alipomaliza sehemu ya usafirishaji wa majani niliinua mkono. Akaniona. "Mama, maswali ni mwisho. Tuheshimu ratiba."

Nikateremsha mkono. Mungu wangu, niliuteremsha, kwa adabu zangu zote. Na hakuna mtu mzima wa huku asiyejua "mwisho" maana yake nini. Saa nane wingu linatoka upande wa msitu wa Mau, saa tisa mvua iko juu ya mabati na humsikii aliye karibu nawe. Maisha yangu yote nimekuwa nikianua nguo saa hizo. Mwenyekiti anajua, kwa hiyo anavuta ripoti polepole kama mtu anayekamua ng'ombe wa jirani. Nami nilijua, lakini niliambiwa ningoje nikangoja.

Mvua ikaja kwa saa yake. Turubai likaanza kupiga kelele, watu wakasogeza viti katikati. "Wapendwa, mvua ni baraka," mwenyekiti akasema. "Wenye maswali watajibiwa ofisini. Sasa mama mmoja atuombee tufunge." Huku kwetu ndivyo ilivyo, wanaume huendesha mkutano kisha mwanamke huufunga kwa maombi. Akaangaza macho akaniona. "Wewe mama uliyeinua mkono. Njoo." Akanipa maiki kama unavyompa mtoto anayelia biskuti.

Watu wote wakasimama. Kofia zikavuliwa, macho yakafungwa. Nami nikafumba yangu, na hasira niliyokuwa nayo ikaisukuma sauti ikatoka.

"Baba wa mbinguni," nikasema, kwa Kiswahili, ili hata meneja wa kiwanda ambaye si wa huku asikie, "tunakushukuru kwa majani na kwa mvua. Wewe unayaona yale magogo mawili mtoni kwetu. Ulimwona kogo alipoanguka na gunia. Unajua kwamba gari la kiwanda halivuki kuja upande wetu. Baba, hawa wakubwa wa kiwanda wako hapa mbele yako. Wafungue midomo watuambie kituo chetu kitajengwa lini. Wataje mwezi, Baba. Wasiseme hivi karibuni."

Kogo akasema amina kwa sauti, kabla sijamaliza. Wengine wakaitikia. Nilichungulia kwa jicho moja nikamwona mwenyekiti amefumba macho, taya limekaza. Angeweza kunikatiza nikiuliza swali. Lakini huku kwetu hakuna mtu anayekatiza maombi, hata awe nani. Nikaendelea mpaka nikayasema yote, nikasema amina, naye akasema amina.

Nilirudi nyumbani nikiwa mrefu. Kina mama walinishika mikono kwenye matope. Umeomba vizuri sana, wakasema. Maombi yenye nguvu. Hata mume wangu, jioni hiyo, alisema taratibu, "Sikujua una karama."

Karama! Hapo ndipo nilipoanza kushtuka. Jumapili iliyofuata nikaitwa niombe kanisani. Nikaitwa kwenye matanga, nikaitwa shuleni watoto wakienda kufanya mtihani. Watu walinisifu kila mahali na hakuna hata mmoja aliyetaja kituo. Majuma yakapita, kogo akaendelea kuvuka na fimbo yake, na mimi nikawa mwombaji wa kijiji.

Mwishowe nikaenda ofisini kwa mwenyekiti, kiwandani, asubuhi. Kogo akanifuata, akakaa kwenye benchi nje ya mlango. Mwenyekiti alinipokea vizuri, akaagiza chai. Nikamuuliza jibu la swali letu limefikia wapi.

"Swali gani, mama?"

"La kituo. Nililosema kwenye mkutano."

Akamwuliza katibu wake, katibu akafungua kumbukumbu za mkutano akasoma: kikao kilifungwa kwa maombi. Hivyo tu. Nikauliza mbona yale niliyoyasema hayamo. "Maombi hatuandiki yaliyomo," katibu akasema. "Tunaandika tu kwamba yamefanyika."

Mwenyekiti akacheka, kicheko cha upole kabisa, cha baba kwa mtoto. "Mama, hilo ulimwuliza Mungu. Ngoja yeye akujibu."

Nilingoja nisikie koo likijifunga. Halikujifunga. "Mungu nimeshamaliza naye," nikamwambia. "Leo nakuuliza wewe, na macho yako yako wazi. Lini?"

Akasema nilete hilo swali mkutano ujao. Nilienda mlangoni nikamshika kogo mkono, nikamwingiza polepole na fimbo yake, nikamvutia kiti mbele ya ile meza. "Huyu ndiye anayevuka," nikasema. "Mjibu yeye."