Otilia na Seva Inayoogopwa Kuzimwa

"Kompyuta moja tu, na mshahara wanakupa?" Masanja, jirani mfugaji, aliwahi kumuuliza Otilia. "Mimi nachunga ng'ombe arobaini, hata asante sipati!"

Otilia alicheka. "Moja kwa macho, baba Kija. Ndani yake zimo saba."

Saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya Sumbawanga ikiuma masikio, Otilia, fundi wa kompyuta, anafungua dirisha la chumba cha seva, kompyuta kuu ya hospitali moja ya misheni. Kiyoyozi hakuna; upepo wa Ufipa ndio unaoipoza mashine. Anafuta makapi ya ulezi yaliyoingia na upepo huo, anafanya ishara ya msalaba, kisha anatazama taa.

Ndani ya seva hiyo, programu moja imeigawa mashine iwe kama kompyuta saba: ya mapokezi, ya dawa, ya maabara na nyinginezo. Programu ikianguka, zote zinaanguka nayo.

Nayo imezeeka. Walioitengeneza wameacha kuirekebisha, na haikubali kukaa kwenye seva mpya iliyoletwa na wafadhili. Seva mpya ingali ndani ya boksi, na juu ya boksi wameweka sanamu ya Bikira Maria na maua ya plastiki.

"Nimeomba tuweke toleo jipya, nimeomba mpaka nimechoka," anasema. "Nahitaji tuizime Jumapili moja tu. Wanaogopa."

Tangu padri aibariki kwa maji ya baraka, seva ilikuwa haijazimwa, na hospitali ikaringia hilo mbele ya wageni. Mwezi Machi umeme ulikatika, betri zikaisha. Umeme uliporudi, kompyuta ya maabara haikuamka tena. Majibu ya wagonjwa yakapotea.

Asubuhi hii katibu wa hospitali, Mzee Baltazari, anachungulia mlangoni.

"Shikamoo, katibu."

"Marahaba. Si inawaka?"

"Inawaka, ila zimebaki sita. Umeme ukikatika tena sijui zitabaki ngapi."

"Na ukiizima wewe zikagoma zote, nani atasimama mbele ya baba askofu?"

"Nitasimama mimi."

"Mwakani, mama. Mwakani tutaona." Anaenda zake ofisini.

Otilia, mama wa watoto watatu, bado anatumaini kuitoa seva mpya kwenye boksi kabla ya mvua za Novemba, maana mvua ikianza umeme haukai. "Namwomba Mungu atupe hiyo Jumapili," anasema.

Hajamaliza, Kristiana, mkulima wa kijiji cha Mollo, anaingia akikohoa ndani ya kitenge.

"Dada, maabara wanasema majibu yangu ya kifua ya tangu Machi unayashika wewe."

"Hayapo, mama. Mashine imeyapoteza. Itabidi utoe makohozi upya."

"Upya? Hii mara ya tatu natembea kuja hapa. Niwaambie nini nyumbani, kwamba naumwa au siumwi?"

Otilia anainamisha kichwa. "Sijui, mama. Nisamehe. Subiri kidogo nikupeleke mwenyewe maabara."

Kristiana anaitazama seva, taa zake zikimetameta. Anajifunga kitenge vizuri, anageuka, na kutoka, akilipita dirisha la maabara bila kusimama, kuelekea lango kuu.