Mzamiaji wa Matimbo ya Njiru

Jirani yangu wa ghorofa ya chini huzamia kwenye matimbo ya mawe ya Njiru yaliyojaa maji, kutafuta miili ya waliozama. Ana sauti ndogo, na ngozi ya vidole vyake imejikunja kama ya mfua nguo. Kabla ya kuzama hunywa jagi zima la maji, polepole, akijipapasa magoti. "Mwili mkavu hauachilii hewa ya mtungi wa kuzamia," aliniambia. "Ukizama tena na tena na kiu, hewa hiyo hugeuka mapovu kwenye damu."

Siku Mbugua, mkazi mwenzetu wa mtaa, alipokufa maji, mifereji ya mtaa ilikuwa mikavu, na jirani alifika timboni bila kunywa chochote. Alizama mara tatu kwenye jua kali, akatoka mikono mitupu. "Pumzika, kaka," nilimsihi. Lakini Eve, mke wa Mbugua, alikuwa akilia ukingoni. "Tafadhali, usimwache huko." Akazama tena, akapanda na maiti upesi mno.

Aliketi peke yake juu ya jiwe. Baadaye akageuza shingo. "Nani amenishika kiwiko?" Hakukuwa na mtu karibu naye. Eve akaacha kulia. "Mbugua alikuwa akinishika hapo," akasema, "tukivuka barabara." Jirani akajaribu kusimama, miguu ikamlegea.

Alitibiwa wiki nyingi, akarudi akitembea. Daktari alimweleza kuwa kile kilichomshika kiwiko ni mapovu tu kwenye damu, naye anakubali. Ila tukiwa njiani, huacha nafasi ya mtu mmoja kati yetu.