Nilimpa sista gravel yangu kwenye mlima wa Loima, nikabaki nasukuma black mamba

Wakuu, ejok.

Nimekuwa msomaji kimya humu kwa muda mrefu. Leo naandika kitu kilichonitokea mwenyewe, na sehemu zinazoniaibisha sijazifuta.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, sekondari moja hapa Lodwar. Nimezaliwa Nyandarua, kwa hiyo milima nimeikulia. Nilipoletwa Turkana nilidhani nimeletwa jangwani kwenye tambarare, baiskeli ya gravel, ile ya njia za changarawe, itakuwa mteremko tu.

Nilikosea sana.

Ukitoka Lodwar kuelekea magharibi, unapita Lorugum, unaendelea njia ya Namoruputh. Mbele yako inasimama Loima. Ukiiona kwa mbali ni ya bluu na pole. Ukiikaribia ni mawe, miiba na joto linalotoka chini kama umefungua oveni.

Route niliichora kwenye app. Jumamosi alfajiri nikatoka Lorugum nilikolala kwa rafiki. Tairi pana za tubeless, chupa tatu za maji, helmeti, miwani. Nilijiona mtu.

Saa tatu nilishaacha barabara kubwa na kuingia njia ya mbuzi. Nilivuka laga mbili, ile mito ya mchanga isiyo na maji mpaka mvua inyeshe. Zote nilishuka nikasukuma. Mchanga unameza tairi mpaka nusu.

Halafu kikaanza kilima chenyewe. Mawe ya ukubwa wa ngumi, yamelegea, yanateleza. Gia ndogo kabisa na bado magoti yalikuwa yanalia.

Nikainua kichwa nikaona mtu mbele yangu anapanda kwa baiskeli.

Wakuu, ilikuwa black mamba. Ile ya chuma, nzito, haina gia hata moja. Aliyekuwa juu yake ni mama wa kama miaka arobaini, mrefu, sketi ameikunja vizuri, miguuni viatu vya akala. Kwenye keria amefunga kiboksi cha buluu cha chanjo.

Nilijaribu kumfikia. Sikumfikia.

Nilimpata tu kwa sababu alisimama. Nilisikia "tak!" kisha gurudumu la nyuma likalala upande. Ekseli ilikuwa imekatika.

Nilipofika alikuwa ameshafungua kiboksi na kuweka mkono ndani haraka, kisha akakifunga.

"Ejok, sista," nikamwambia, maana nilishaona kitambulisho cha dispensari shingoni.

"Ejok. Uko na ekseli?"

Sikuwa nayo. Nilikuwa na vifaa vidogo vya kila aina, lakini ekseli ya black mamba nani anabeba?

Nikamwambia mimi ni mwalimu Lodwar; yeye jina lake ni Akiru. Aliniambia habari yote akiwa anafungua kamba za kiboksi, hakupoteza dakika. Pikipiki ya dispensari imeharibika injini. Huko juu kuna familia za wafugaji zimekusanyika na watoto wao, wanangoja sindano ya surua. Kesho asubuhi wanahama na mifugo kuelekea upande wa Uganda.

"Wakienda, nitawapata wapi tena?" akasema. "Na hii boksi ni mzee, kifuniko yake haishiki. Barafu itafika saa saba, ikijaribu sana saa nane."

Ilikuwa saa nne na nusu. Kwa miguu, alisema, ni mwendo wa mpaka saa tisa.

Nikaangalia baiskeli yangu.

Nitasema ukweli kama nilivyoahidi. Wazo la kwanza lilikuwa nibebe boksi mimi. Lakini njia siijui, na hata nikifika, nitachoma mtoto wa nani sindano? Wazo la pili lilikuwa kumtakia safari njema. Ile baiskeli nimeijenga kidogo kidogo, kipande kwa kipande, na huyu mama simjui hata robo saa.

Yeye hakuniomba. Alikuwa ameshaanza kujifunga boksi mgongoni kwa leso, vile mama anavyofunga mtoto, ajiandae kutembea.

Ndiyo ikanishinda.

"Sista, chukua hii."

Akaiangalia kutoka juu mpaka chini. "Usukani imepinda kama pembe ya kondoo. Breki iko wapi?"

Nikamwonyesha breki, nikamwonyesha gia. Kiti sikuhitaji hata kukishusha, tuko urefu mmoja. Akajaribu hatua chache, akafinya breki ya mbele kwa nguvu, nusura apite juu ya usukani. Nikashika kichwa. Yeye akacheka.

"Sasa nimejua hiyo ni kali. Mwalimu, kunywa maji yangu, iko kwa mtungi hapo kwa mamba, wewe ndiye utakaa kwa jua. Fuata alama ya tairi."

Akapanda. Kona ya kwanza aliyumba. Kona ya pili alishanyooka. Baada ya hapo sikumwona tena, nikasikia tu mawe yakiruka.

Nikabaki na mamba.

Baiskeli yenye ekseli iliyokatika haisukumiki. Unainua nyuma, unatembea hatua ishirini, unapumzika. Kwenye mawe makubwa niliibeba begani. Jua la Turkana mnalijua, na kama hamlijui siwezi kuwaeleza.

Lakini kuna kitu kilinifanya nisahau uchovu. Nilikuwa nasoma alama za tairi zangu mwenyewe kwenye vumbi, na kila nilipofika mahali pagumu niliinama kutafuta alama za akala, nijue alishukia wapi.

Kulikuwa na laga ya tatu, pana kuliko zile mbili. Mstari wa tairi uliingia ukingoni ambako mchanga umeshikana kwa mizizi, ukazunguka, ukatokea ng'ambo. Hakuna unyayo.

Kulikuwa na mwinuko ambao nikiuangalia tu nilitamani kurudi. Tairi imepanda kwa kona kona, kushoto, kulia, kushoto, kama mshono wa cherehani. Hakuna unyayo.

Juu kabisa, kwenye mwamba, ndipo nikaona mguu mmoja. Mmoja tu. Aliugusa chini, akaendelea.

Nilisimama hapo nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Miaka yote hii naangalia video za wazungu wakipanda milima, na bingwa mwenyewe yuko Loima na akala.

Nilifika karibu saa kumi, midomo imepasuka. Kina mama walikuwa wamekaa kwenye kivuli na watoto, wengine bado wanalia kwa sindano. Waliponiona na mamba begani wakaangua kicheko, wakaniletea maziwa ya ngamia kwenye kibuyu.

Sista Akiru alikuwa anaandika kadi ya mwisho.

"Ulifika saa ngapi?" nikamuuliza.

"Saa saba kasorobo. Barafu ilikuwa bado inaongea." Akatikisa boksi, sasa ni maji matupu. "Wote wamepata, mwalimu. Hata waliofika mwisho."

Nikaketi kivulini karibu naye.

Halafu akaongeza, bila kucheka: "Baiskeli yako ni nzuri. Lakini hiyo kiti, nani alikukosea?"

Kesho yake mamba ilishuka mlima ikiwa juu ya punda. Hapa Lodwar mafundi walisema gurudumu la nyuma limepinda pia, nitafute zima jipya. Wiki iliyofuata nilikuwa na safari ya Kakuma, nikalibeba kwa fundi mmoja wa Sudan Kusini ndani ya kambi. Nilipomweleza ni la nani na linafanya kazi gani, aliweka pembeni kazi yake yote, akalitia ekseli nyingine, akaligonga na kulisuka upya spoku kwa spoku. Malipo alikataa. Akasema watoto wake wawili walichanjwa hapo hapo Kakuma, na hajui jina la aliyewachanja.

Nililojifunza, wakuu: nilikuwa napima ugumu wa route kwa picha nitakazopiga nikifika. Kuna watu wanapita hizo hizo njia kwa sababu kuna mtu anawangoja juu. Hao ndio waendesha baiskeli.

Juzi Sista Akiru kaniandikia ujumbe. Zile familia zimerudi, zimekaa upande wenye mawe zaidi, mamba haipandi. Anauliza kama gravel ina kazi wikendi hii.

Ndiyo maana leo Jumamosi niko nyumbani naandika uzi.

Mwenye kujua keria ya nyuma inayokaa kwenye fremu isiyo na matundu ya skrubu, tafadhali aniambie hapo chini. Lile boksi haliwezi kuendelea kukaa mgongoni. Na kama kwenu kuna mtu wa aina ya Sista Akiru, mtajeni tumjue.