Munkoyo Tulioupanda Juani

Sisi tuliokulia mtaa wa Naviundu tulionja munkoyo, kinywaji cha uji wa mahindi uliolegezwa kwa mzizi wa porini, kabla ya kushika kalamu. Leo vijana wanajisifu kuujua kwa sababu wameununua dukani, ndani ya chupa yenye picha ya msichana anayecheka. Waulize munkoyo unaota wapi. Watakuambia: kwenye friji.

Sisi tuliutafuta porini. Ni kichaka kifupi kinachojificha chini ya miti mikubwa, majani matatu matatu kwenye kikonyo kimoja, laini kama sikio la mwanambuzi. Tatizo ni kwamba kuna kichaka kingine kinachofanana nao, na mzizi wake unaweza kuharisha ukoo mzima. Kipimo kilikuwa kimoja: ponda mzizi, utie katika uji mzito wa mahindi. Kama ni munkoyo kweli, uji unalegea ukiwa unautazama. Wazee waliongeza kwamba aliyegombana asichimbe, uji utakataa. Niligombana na kaka yangu asubuhi nzima, nikachimba, uji ukalegea vizuri. Hakuna aliyenishukuru kwa utafiti huo.

Tantine Godelive, dada yake baba, alisomesha watoto wake kwa kuuza munkoyo. Pori liliposogea mbali, na wachimbaji wa mizizi wakaanza kurudi mikono mitupu, aliamua kupanda wake kwetu. Baba akachukua jembe, akaipanga miche katikati ya parsele, kiwanja cha nyumba yetu, juani, mistari imenyooka kama ya mahindi.

"Papa, kule mu pori inakaa mu kivuli," nikasema.

"Weye, maulizo yako haiishake? Kintu gani inaota mu giza? Juwa njo maisha!"

"Kaka, sikia mutoto," Tantine akajaribu.

"Batoto ba leo banataka kufundisha bazazi!"

Miche ikanyauka. Baba akamlaumu jirani kwa wivu. Tantine aliokoa mmoja, akauhamishia nyuma ya choo, chini ya mwavokado, ukashika. Siku alipochimba mzizi wa kwanza, tulizunguka sufuria kama watu wa kilioni. Uji ukalegea. Tantine akacheka mpaka akakaa chini.

"Iko yenyewe! Nitapanda ingine, ijae huku nyuma yote."

Hakupanda. Bei ya makala, mkaa wa kupikia, ilipanda, na uji wa munkoyo unachemka muda mrefu. Baba, kwa nia njema kabisa, alimkatia dada yake mwavokado ili asikose moto. Jua likaingia nyuma ya choo, na kichaka kikafa. Kwa mara ya kwanza Baba hakumtaja jirani. Tantine sasa anauza soda.

Nikipita barabara ya Sakania naona magunia ya makala yamejipanga, na nyuma yake hakuna mti wa kusimama chini yake. Zamani tulikuwa na kivuli, tukakiita giza. Sasa moto tunao, sufuria zinachemka vizuri sana, na uji unabaki mzito.