Tarumbeta Katikati ya Spika

Kabla ya wimbo wowote kulikuwa na mvumo. Kaka Mwamburi, kiongozi wa bendi yetu ya kanisa, aliwasha amplifaya, na spika mbili nyeusi zilizonizidi kimo zikaanza kunguruma kama mizinga ya nyuki waliochokozwa. Vumbi jekundu la Voi lililotua juu yake liliruka, na harufu ya nyaya zilizopata moto ikajaa ukumbini. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, msichana pekee katika bendi, na nafasi yangu ilikuwa mbele kabisa, hatua mbili kutoka spika ya kulia. Mikononi nilishika tarumbeta, na mbele yangu palikuwa na maikrofoni yangu mwenyewe.

Tulikuwa tumeteremka kutoka Chawia mwaka huo, katikati ya miaka ya tisini, miezi michache baada ya kumzika baba. Mama alikuwa amepata kazi ya ukarani mjini. Kule milimani katekista ndiye aliyenifundisha tarumbeta, na kanisa letu halikuwa na umeme. Ukipuliza asubuhi yenye ukungu, sauti ilivuka bonde, ikagonga mlima wa pili na kukurudia, nawe ukajua papo hapo kama umekosea. Voi kulikuwa na gitaa mbili, besi, kinanda, dramu na waimbaji, wote wakipiga kana kwamba wanashindana na gari la moshi. Kaka Mwamburi alipomwomba mama niingie kwenye bendi, mama alikubali upesi. Tulikuwa wageni, na kanisa lile lilitupa watu wa kutusalimia.

Tatizo ni kwamba sikujisikia. Nilipuliza hadi midomo ikavimba na mishipa ya shingo ikauma, lakini masikioni ilifika besi tu, nayo iliingia kupitia nyayo. Ibada ikiisha, watu walinishika mkono. "Umetubariki, Wakesho," walisema. Niliitikia ahsante bila kujua nashukuriwa kwa lipi. Nilimwuliza Kaka Mwamburi kama nilikuwa ndani ya wimbo au nje yake, maana kuuliza si ujinga. Alitabasamu, akasema, "Usijisikilize. Sikiliza dramu." Nikasikiliza dramu, nikazidi kupotea.

Jirani yetu Bi Zuhura, aliyekuwa na duka la vitambaa, ndiye aliyezidisha utata. Kila asubuhi kabla ya shule nilifanya mazoezi uani, naye alikaa upande wake wa ua akichambua mchele. Siku moja aliniita. "Mwanangu, hapa nakusikia, na walia vizuri. Lakini Jumapili kule kwenu nasikia mngurumo mtupu. Wewe sikusikii kabisa. Huwa hupigi?" Nilimwambia napiga, bibi, napiga sana. Alinitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtoto aliyesema uongo bila kukusudia.

Jumapili iliyofuata nilifanya jambo ambalo mpaka leo silielewi. Katikati ya wimbo wa shangwe niliuacha wimbo wenyewe, nikapiga ule wa polepole tuliompigia baba kaburini. Niliupiga wote, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyegeuka. Mpiga kinanda aliendelea kuruka, watu waliendelea kucheza, na baadaye mama mmoja alinikumbatia akisema siku hiyo nimepiga vizuri kuliko siku zote. Nilikwenda nyuma ya kanisa nikajificha hadi watu wakaondoka. Lakini Jumapili ya pili niliurudia, na ya tatu pia. Palikuwa mahali pekee ambapo ningeweza kumlilia baba mbele ya watu mia mbili bila mtu kuniambia ninyamaze.

Kisha tukaalikwa Miasenyi kwa mkutano wa hadhara, kando ya barabara kuu. Jua lilikuwa la saa nane. Jenereta ilifungwa kwenye kivuli cha lori, spika zikapangwa mchangani, na mama akaketi safu ya kwanza. Tulipofika ubeti wa pili wa wimbo wa furaha, nami nikiwa katikati ya wangu wa mazishi, jenereta ilikohoa ikazima. Gitaa zilikufa, kinanda kikafa, mpiga dramu akashusha vijiti. Iliyobaki ilikuwa sauti moja tu, nyembamba na wazi, na ilinichukua muda kutambua kuwa ni yangu. Wauza vitunguu waligeuka. Dereva mmoja alivua kofia. Mama alikuwa amesimama, kiganja kimeziba mdomo. Ningeweza kuacha. Sikujua kama kuacha ndiko aibu au kuendelea ndiko aibu, basi nikamalizia.

Hakuna aliyepiga makofi. Niliinama kukwepa macho yao, nikauona waya wa maikrofoni yangu. Ulipita nyuma ya spika, ukaishia mchangani, ncha yake imefungwa fundo nadhifu. Haukuchomekwa popote.

"Matundu ya kuchomekea kwenye mashine ni sita," Kaka Mwamburi alisema taratibu aliponikuta nimeushika. "Sisi tulikuwa saba. Na wewe ulikuwa unapenda sana kupiga, nikashindwa kukuambia."

Jenereta ilipowaka, alichomoa maikrofoni yake, akachomeka yangu. Nilipuliza, ikatoka sauti kubwa ya bati ambayo haikuwa ya Chawia wala yangu. Nilirudi kwenye wimbo wa shangwe. Jioni mama aliniambia nisiupige tena wimbo ule mbele za watu. Kisha, akiwa amenipa mgongo, akaniomba nimpigie yeye peke yake. Nilimpigia. Sikujua kama nimemtuliza au nimemtonesha kidonda.

Siku hizi binti yangu anajifunza kinanda cha umeme chumbani kwake akiwa na vidude vya kusikilizia masikioni. Mimi nilizungukwa na umati nisijisikie. Yeye anajisikia kila kosa, na sisi wengine tunasikia vidole tu vikigonga plastiki. Juzi nilimwomba avichomoe nimsikie. "Bado, mama," alisema. Sikumlazimisha. Nilikaa ukingoni mwa kitanda chake, nikavitazama vidole, nikijaribu kukisia ni wimbo gani.