Pete Yangu na Ng'ombe wa Mama Odilia

Msinicheke kabla sijamaliza. Mimi ni bwana mifugo. Juzi niliitwa Mbuba kwa Mama Odilia, ambaye ng'ombe wake, Bihogo, alikuwa anashindwa kuzaa. Mguu mmoja wa ndama ulikuwa umejikunja ndani.

Glovu zilikuwa zimeniishia. Nikamfokea mumewe kama niko mkutanoni, "Vua saa! Nawa sabuni mpaka kwenye kiwiko!" Nami nikanawa, nikaingiza mkono, nikaunyoosha ule mguu, tukawa tunavuta polepole kila Bihogo aliposukuma. Akatoka ndama dume, akapiga chafya. Shangwe!

Nikatazama kidole changu. Pete ya ndoa haipo! Nyumbani ningemwambia nini mke wangu?

Nikatangaza kwamba siondoki mpaka kondo la nyuma litoke.

"Huyu kweli ana moyo," akasema mume. Nikaletewa kiti chenye kitambaa, nikaletewa ndizi na maharage. Wakaamua hata ndama aitwe jina langu.

Mwishowe kondo likadondoka. Kabla sijalifikia, Mama Odilia alishaligeuza kwa kijiti. Ndama alikuwa ananyonya, mkia ukicheza.

"Bwana mifugo," akasema, akiinua pete yangu kwenye ncha ya kijiti, "huyu wajina wako kazaliwa ameshaoa?"